Bendi Zisizovuma Hupatikana kwa Kufuata Watu

Swali: Msomaji wetu wa Morogoro anaandika kwamba amekuwa mpenzi wa roki ya indie, yaani roki iliyokulia katika kampuni ndogo za muziki zinazojitegemea, tangu alipokuwa sekondari, akianzia kwa The Strokes na Arctic Monkeys, na kwamba baadaye programu ya muziki iliyo katika simu yake ilimletea wimbo wa “Harness Your Hopes” wa bendi ya Pavement, akaupenda kupita kiasi. Tangu hapo, anasema, programu hiyohiyo humzungusha katika bendi zilezile chache. Anauliza atawapataje wanamuziki wazuri wasiojulikana sana, na akishawapata atawapendekezaje kwa rafiki zake, ambao wengi wao ni wapenzi wa muziki wa dansi na wa benga na huona roki ni kelele tu.

Jibu: Ndugu msomaji, wimbo uliokufikisha kwa Pavement ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa historia yake inaeleza nusu ya tatizo lako. Pavement walianza mwaka 1989 huko Stockton, California, na katika miaka ya 1990 walitoa albamu tano ambazo wahakiki wa Marekani na Uingereza walizipokea kwa heshima kubwa. “Harness Your Hopes” haumo katika hata moja ya albamu hizo kama zilivyotoka wakati ule. Ulirekodiwa bendi ilipokuwa ikitayarisha albamu yake ya mwaka 1997, ukaachwa nje, kisha mwaka 1999 ukatiwa kama nyongeza katika toleo dogo lililobeba wimbo mwingine, yaani mahali ambapo ni mashabiki wa dhati tu wangeukuta. Leo ndio wimbo wao unaosikilizwa kuliko nyingine zote mtandaoni, na hakuna mtangazaji, mhakiki wala mwanabendi aliyeamua uwe hivyo.

Jambo la namna hiyo liliwatokea pia Galaxie 500, watu watatu kutoka Boston waliorekodi albamu tatu kati ya mwaka 1988 na 1990 kisha wakaachana. Mpiga ngoma wao, Damon Krukowski, aliandika mwaka 2018 kuwa alishangaa kuona wimbo wao mmoja, “Strange”, umeziacha mbali sana nyimbo zao nyingine katika hesabu za Spotify, ilhali haukuwahi kutolewa peke yake wala kupigiwa debe na mtu yeyote. Alipofuatilia alikuta kwamba kupanda huko kulianza Januari 2017, mwezi ambao huduma hiyo ilibadili mpangilio wake ili nyimbo ziendelee kujicheza zenyewe baada ya msikilizaji kumaliza alichokichagua. Maelezo aliyopewa na mtaalamu wa takwimu wa kampuni hiyo yanafaa kukumbukwa: “Strange” ulikuwa ukichaguliwa kwa sababu ulifanana na nyimbo za bendi nyingine kuliko nyimbo nyingine za Galaxie 500 zenyewe zilivyofanana nazo. Kwa maneno mengine, mashine iliuinua wimbo ambao ndani yake upekee wa bendi ulikuwa umepungua.

Sielezi haya ili uifute programu yako, kwani mimi pia ninayo na naitumia kila siku. Nataka tu uone mipaka yake. Mfumo wa mapendekezo hutazama kwanza nani amesikiliza nini pamoja na nini, kisha hutazama sauti inayofanana na sauti. Bendi yenye wasikilizaji mia mbili haina ushahidi wa kutosha wa aina ya kwanza, na bendi yenye sauti yake yenyewe hukosa wa aina ya pili. Kwa hiyo wale unaowatafuta wewe, yaani wazuri, wachache, wasiofanana na wengine, ndio hasa ambao mfumo huo una uwezo mdogo wa kukuletea. Ukitaka kuwafikia ni lazima uache kuuliza “ni nani anayesikika kama Pavement?” na badala yake uulize “Pavement walikuwa wakimsikiliza nani, walicheza na nani, nani aliwarekodi, na nani alilipia santuri zao?” Hayo ni maswali yenye majibu, na kila jibu ni mlango.

Tuyajaribu maswali hayo sasa hivi. Kabla ya umaarufu, mwimbaji wa Pavement, Stephen Malkmus, alikuwa na rafiki wa chuo kikuu huko Virginia aliyeitwa David Berman, mshairi, na pamoja na Bob Nastanovich walianzisha Silver Jews. Watu waliichukulia bendi hiyo kwa muda mrefu kama tawi la Pavement, jambo lililomuumiza Berman na ambalo ni kosa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa roho ya Silver Jews na mashairi yake yana uzito ambao Malkmus hajaukusudia kamwe. Ianze albamu ya American Water ya mwaka 1998, ambamo Malkmus anapiga gitaa na kuimba, ili sikio lako lipate kitu linachokifahamu. Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye Purple Mountains, albamu ambayo Berman aliitoa mwaka 2019, wiki chache kabla ya kifo chake. Ni albamu ya huzuni isiyofichwa, kwa hiyo isikilize siku ambayo moyo wako una nafasi.

Mlango wa pili ni mkubwa zaidi, na hapa naomba unisikilize kwa kirefu kwa sababu ndio mfano bora ninaoujua wa jinsi utafutaji wa namna hii unavyozaa. Miongoni mwa bendi ambazo Pavement walizisikiliza kwa makini ilikuwamo The Clean, iliyoundwa mwaka 1978 katika mji wa Dunedin, kusini mwa New Zealand. Wanamuziki wake waliodumu ni watatu: ndugu wawili, Hamish na David Kilgour, pamoja na Robert Scott. Mwaka 1981 kijana mmoja aliyekuwa akisimamia duka la santuri katika mji wa Christchurch, Roger Shepherd, alianzisha lebo aliyoiita Flying Nun, na moja ya matoleo yake ya kwanza kabisa lilikuwa wimbo wa The Clean, “Tally Ho!”, uliorekodiwa kwa gharama ya kama dola 50 za huko. Sauti yake imekwaruza, ogani inapiga kelele kama filimbi ya mchezaji wa mtaani, lakini wimbo huo ulifika nafasi ya 19 katika chati ya taifa. Baadaye mwaka huohuo Chris Knox na Doug Hood waliwarekodi kwa mashine ya njia nne, yaani ile yenye nafasi ya kuingiza sauti nne tu juu ya utepe mmoja, na toleo lililotokana na kazi hiyo, Boodle Boodle Boodle, likaingia katika tano bora za nchi.

Sasa fuata watu. Aliyepiga ile ogani ya “Tally Ho!” ni Martin Phillipps, kijana aliyekuwa na bendi yake mwenyewe, The Chills. Robert Scott, mpiga besi wa The Clean, alianzisha The Bats, ambao albamu yao ya Daddy’s Highway ya mwaka 1987 ni mojawapo ya rekodi ninazozipenda kuliko nyingi zilizouza mara elfu zaidi yake. Chris Knox, mwenye mashine ya kurekodia, aliunda Tall Dwarfs pamoja na Alec Bathgate. Mwaka 1982 lebo ilizikusanya bendi nne za mji huo katika santuri mbili zilizotoka pamoja, na moja kati yake ilikuwa The Verlaines, ya Graeme Downes, ambaye baadaye aliandika tasnifu ya udaktari juu ya mtunzi Mahler na kufundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Otago. Usikilize “Death and the Maiden” wa mwaka 1983 na utaisikia akili ya mtu aliyezoea muziki wa okestra ikipita katika gitaa, besi na ngoma. Wapo pia Look Blue Go Purple, wanawake watano walioanza mwaka 1983 na kutoa santuri ndogo tatu tu, zenye filimbi na kinanda na sauti zinazopishana, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa vigumu kupatikana nje ya nchi hiyo hadi zilipokusanywa upya mwaka 2017. Kutoka wimbo mmoja umepata bendi sita, na hakuna mbili zinazofanana.

Angalia pia ni kwa nini hawakujulikana, kwa maana hili ni swali ambalo wasikilizaji wengi hawaliulizi. Dunedin iko mbali na kila soko kubwa la muziki wa Kiingereza. Kusafiri hadi London kulimaliza fedha za bendi kabla ya onyesho la kwanza. The Chills walikuwa na balaa lao zaidi: mpiga ngoma wao, Martyn Bull, aliugua saratani ya damu akafariki mwaka 1983, na wimbo wao mkuu, “Pink Frost”, ambao yeye alikuwa ameupigia ngoma, ukatoka mwaka uliofuata. Wanamuziki walibadilika mfululizo, na ingawa albamu yao ya Submarine Bells ilishika nafasi ya kwanza nyumbani mwaka 1990, mafanikio ya nje hayakudumu. Phillipps aliendelea kuandika nyimbo hadi alipofariki mwaka 2024. Ukijua kwamba sababu ya kutovuma kwao ilikuwa umbali, ukata na maradhi, hutaendelea kudhani kwamba muziki usiovuma ni muziki ulioshindwa, na vilevile hutaanguka katika kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba kutovuma kwenyewe ni sifa. Bendi nyingi hazijulikani kwa sababu hazina jambo la kusema. Kazi yako ni kuzitafuta zile ambazo kati ya muziki wao na masikio ya watu kulisimama kitu kinachoweza kutajwa.

Vitu hivyo hujirudia, na ukivizoea vitakusaidia. Big Star wa Memphis walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1972, ikasifiwa magazetini, lakini kampuni iliyopaswa kuisambaza haikuifikisha madukani; kizazi kilichofuata cha wanamuziki, R.E.M. wakiwamo, ndicho kilichowarudisha kwa kuwataja kila mahali. Galaxie 500 walipoteza mwelekeo wa biashara pale lebo yao, Rough Trade, ilipofilisika mwaka 1991, na walilazimika kuzinunua tepu zao wenyewe katika mnada. Sarah Records ya Bristol, lebo iliyoendeshwa na Clare Wadd na Matt Haynes tangu mwaka 1987, ilidharauliwa na waandishi wengi wa wakati wake kwa kuwa muziki wake ulikuwa mpole, nao wakaifunga kwa hiari yao mwaka 1995 walipofikisha toleo la mia moja. Kila unaposikia lebo ilifilisika, msambazaji alishindwa, au waandishi walikuwa na kiburi, simama hapo uchimbe.

Lebo ndogo ndizo ramani yenye manufaa zaidi kwa mtu aliye mbali na miji hiyo, kwa sababu nyuma ya lebo ndogo kuna mtu mmoja au wawili wenye sikio, waliotumia fedha zao. Mtu akishakuonyesha mara tatu kwamba sikio lake linaafikiana na lako, mwamini kwa mara ya nne. Gerard Cosloy, kwa mfano, ndiye aliyekuwa akiendesha lebo ya Homestead wakati ilipowatoa The Verlaines kwa wasikilizaji wa Marekani. Baadaye alihamia Matador, na Matador ndiyo iliyoitoa albamu ya kwanza ya Pavement mwaka 1992. Si bahati kwamba Dunedin na Stockton zinakutana katika dawati la mtu mmoja. Merge, iliyoanzishwa mwaka 1989 huko North Carolina na Mac McCaughan na Laura Ballance wa bendi ya Superchunk, ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za The Clean mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ni lebo hiyohiyo iliyotoa The Suburbs ya Arcade Fire, albamu iliyotwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka katika sherehe ya 2011. Kwa hiyo inawezekana unaifahamu Merge bila kujua. Chukua orodha ya wanamuziki wao, waruke wale wawili watatu maarufu, na uanze na Superchunk wenyewe, kisha Lambchop. Kwa bendi zinazoendelea kutoa kazi leo, Slumberland, iliyoanza mwaka 1989 na bado iko hai huko California, na Carpark, iliyowatoa The Beths wa Auckland, ni mahali ambapo sijapoteza muda wangu.

Njia nyingine ambayo vijana wameisahau, kwa sababu programu za simu huificha, ni kumfuata fundi wa kurekodi. Steve Albini wa Chicago, aliyefariki Mei 2024, alirekodi albamu za Nirvana na PJ Harvey zilizotoka mwaka uleule wa 1993, lakini sehemu kubwa kabisa ya maisha yake ilipita katika studio pamoja na bendi ambazo hakuna aliyezijua. Alikataa kuchukua asilimia ya mauzo ya msanii yeyote na alitoza ada ya kazi tu, jambo lililowawezesha wadogo kumfikia. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Nina Nastasia, mwimbaji ambaye albamu yake ya kwanza, Dogs, ilitoka mwaka 2000 kwa nakala chache na kurudishwa sokoni mwaka 2004 na lebo ya Touch and Go. Anaimba karibu na kipaza sauti, gitaa na fidla zikimzunguka kwa utulivu, na katika nyimbo za dakika mbili anamaliza hadithi ambazo wengine huhitaji riwaya. Mtangazaji wa BBC John Peel alikuwa miongoni mwa waliomtangaza zaidi, akamwalika kurekodi katika kipindi chake mara kadhaa. Ikiwa huna muda wa kusikiliza zaidi ya msanii mmoja kati ya wote niliowataja, msikilize huyu.

Na kwa kuwa nimemtaja Peel: aliendesha vipindi katika Radio 1 tangu mwaka 1967 hadi alipofariki mwaka 2004, na katika muda huo alizialika bendi nyingi mno kurekodi nyimbo chache chache studioni kwa siku moja. The Fall wa Manchester, bendi nyingine iliyowaathiri sana Pavement, walifanya hivyo mara 24. Orodha za rekodi hizo zinapatikana kwa urahisi mtandaoni, na kuzisoma ni kama kupewa daftari la mtu aliyesikiliza kwa niaba yako kwa karibu miaka arobaini. Redio bado zina nafasi. WFMU ya New Jersey, inayoishi kwa michango ya wasikilizaji, huhifadhi vipindi vyake na kuchapisha orodha ya kila wimbo uliopigwa. KEXP ya Seattle hurekodi bendi zikipiga muziki moja kwa moja studioni na kuziweka video zake hadharani. Yo La Tengo wa Hoboken wana desturi ya kwenda WFMU wakati wa kuchangisha fedha na kupiga papo hapo wimbo wowote wa watu wengine ambao mchangiaji ameuomba. Bendi zinazopenda kuimba nyimbo za wenzao ni walimu wazuri. Albamu yao ya Fakebook ya mwaka 1990 kwa sehemu kubwa ni ya aina hiyo, na ukimtafuta mwenye asili wa kila wimbo utakuwa na kazi ya mwezi mzima.

Kuhusu gharama, najua kifurushi cha intaneti kina mwisho. Bandcamp, iliyoanzishwa mwaka 2008, hukuruhusu kusikiliza albamu kabla ya kununua, na ukishanunua unaipakua mara moja, inabaki kwako, wala haili kifurushi tena. Huchukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kupakua, ikishuka hadi 10 kwa wanaouza zaidi, na kinachobaki, baada ya makato ya malipo, humfikia mwanamuziki au lebo yake. Kadi pepe zinazotolewa na huduma za pesa kwa simu mara nyingi hutosha kulipia. Linganisha na Spotify, ambayo tangu mwanzo wa 2024 hailipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili. Wengi wa wale unaowatafuta wako chini ya mstari huo. Nunua moja kila unapoweza, hata kama ni mara mbili kwa mwaka.

Sasa nije kwenye sehemu ya pili ya swali lako, ambayo naiona ngumu zaidi. Watu wengi wanaopenda muziki wanapendekeza vibaya, na vibaya kwa namna moja: wanatuma vitu vingi mno, kwa mtu ambaye hawajamfikiria, wakiongeza maneno ya kujisifu kwamba “hii huwezi kuijua”. Rafiki hupokea orodha ya nyimbo arobaini, anasikiliza nusu dakika ya ule wa kwanza, na hapo habari imekwisha. Tuma wimbo mmoja. Uwe umeuchagua kwa ajili ya mtu huyo, kutokana na jambo fulani unalojua analipenda, na umweleze jambo hilo kwa sentensi mbili: sikiliza gitaa la pili linapoingia, sikiliza jinsi ngoma zinavyokataa kuharakisha. Mtu anayejua asikilize nini husikiliza hadi mwisho. Kisha kaa kimya, usimuulize kesho yake kama ameshasikiliza. Akirudi mwenyewe kuuliza kama kuna mwingine, ndipo umpe albamu.

Mwambie ukweli pia kuhusu sauti. Rekodi za Flying Nun za mwanzo, au za Guided by Voices wa Ohio, ambao kiongozi wao Robert Pollard alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na walirekodi Bee Thousand ya mwaka 1994 kwa kiasi kikubwa nyumbani kwa mashine za kaseti, zina mivumo na mikwaruzo ambayo sikio lililozoea muziki wa kisasa wa studio hudhani ni hitilafu ya simu. Usimwanzishe mgeni hapo. Mwanzishe kwa The Bats au The Beths, ambao sauti yao ni safi, kisha umrudishe nyuma akishakuwa na hamu ya kujua chanzo.

Unasema rafiki zako ni watu wa dansi na benga, na unaishi katika mji uliomtoa Mbaraka Mwinshehe. Naona hapo una bahati ambayo mpenda roki wa London hana. Mtu aliyekulia katika nyimbo za Morogoro Jazz tayari anajua kusikiliza magitaa mawili yakizungumza, moja likishikilia na lingine likitembea, na anajua kuvumilia wimbo unaochukua muda kabla ya kufunguka. Roki atakayoiona kelele ni ile ya gitaa moja lenye mngurumo linaloziba kila kitu. Mpe The Feelies, wa New Jersey, hasa albamu ya The Good Earth ya mwaka 1986: magitaa mawili safi, yenye kasi, yasiyogombana, juu ya mdundo usiochoka. Kwa masikio yangu, hakuna bendi ya roki ya Marekani iliyo karibu zaidi na subira ya gitaa za huku kwetu, ingawa sidai kwamba walijifunza kwetu.

Wapo hata hivyo waliojifunza kwetu waziwazi, na kwa rafiki wa benga hao ndio wa kuanzia. Ian Eagleson, mpiga gitaa wa bendi ya roki iliyoitwa Golden, alikuja Kenya kufanya utafiti wa chuo kikuu juu ya benga, akafahamiana na Otieno Jagwasi wa Orchestra Extra Solar Africa. Mwaka 2004, pamoja na Alex Minoff wa Golden, walirekodi jijini Nairobi chini ya jina lililounganisha bendi zote mbili, Extra Golden. Otieno alifariki mwaka 2005, na albamu hiyo, Ok-Oyot System, ikatoka mwaka 2006 kwa lebo ya Thrill Jockey ya Chicago, lebo ambayo wapenzi wa indie waliijua kwa bendi kama Tortoise na The Sea and Cake. Wenzao Wakenya walipotakiwa kwenda kupiga katika tamasha la Chicago mwaka huohuo, viza zilikwama, na ofisi ya seneta wa Illinois wa wakati ule, Barack Obama, ikasaidia kuzipata. Ndiyo maana albamu ya pili, Hera Ma Nono ya mwaka 2007, ina wimbo wa kumshukuru kwa jina lake. Katika nyimbo hizo benga haikuwekwa kama pambo: Mjaluo anaimba kwa lugha yake, Mmarekani anaimba kwa yake, na wimbo unapofika sehemu ya kuchemka magitaa hayajali ni la nani.

Mtumie rafiki yako wimbo mmoja kutoka Ok-Oyot System. Akiukubali, mwonyeshe jina la lebo iliyo nyuma ya albamu, mwache apite mwenyewe hadi kwa The Sea and Cake, ambao magitaa yao mepesi hayatamtisha. Wewe, kwa upande wako, anza na Boodle Boodle Boodle, nyimbo zote tano kwa mpangilio wake, ukiwa umezima ile sehemu ya programu inayoendelea kucheza yenyewe, na ukifika “Point That Thing Somewhere Else”, ambao ni mrefu kuliko mingine, usiuruke.